Suruali Inayomkaa Mtu: Kwa Nini Kiuno Si Kipimo cha Kwanza

Katika ununuzi wa suruali, kipimo kinachotajwa kwanza, na mara nyingi peke yake, ni kiuno: mteja huulizia namba 34, muuzaji humpa namba 34, na mazungumzo huishia hapo. Hata hivyo, kiuno ndicho kipimo kilicho rahisi zaidi kurekebishwa baada ya suruali kushonwa, kwani fundi mwenye uzoefu anaweza kuongeza au kupunguza sentimita mbili au tatu katika mshono wa nyuma bila kuiharibu nguo, ilhali nafasi ya makalio, urefu wa mshono wa msamba na mwelekeo wa miguu huamuliwa wakati kitambaa kinapokatwa, na kosa linalofanyika hapo aghalabu halifutiki. Makala haya yanaeleza jinsi suruali ya kiume ya kupimwa inavyopatikana, yakichukua mfano wa Bahati, eneo la Kaunti ya Nakuru lililo kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu, ambako mafundi wa cherehani wangali sehemu ya maisha ya vituo vya biashara.

Njia tatu za kupata suruali

Wataalamu wa mavazi hutofautisha njia tatu. Ya kwanza ni suruali ya tayari, inayoshonwa kiwandani kwa namba maalumu kabla mvaaji hajajulikana. Ya pili ni suruali ya kipimo, ambayo kampuni huanza na kiolezo kilichokwisha kuchorwa, yaani mchoro wa karatasi unaoonyesha umbo la kila kipande cha nguo, kisha ikakirekebisha kwa kufuata vipimo vya mteja: kiuno kikaongezwa, mguu ukafupishwa, paja likapanuliwa. Ya tatu ni suruali inayochorwa upya kwa ajili ya mtu mmoja, ikashonwa nusu, ikajaribishwa mwilini mwake na kusahihishwa kabla ya kumalizika. Hiyo ndiyo desturi ambayo mtaa wa Savile Row jijini London umejulikana kwayo tangu karne ya 19.

Fundi wa Bahati, akitazamwa kwa kigezo hiki, yuko karibu zaidi na njia ya tatu kuliko ya pili, kwa sababu mafundi wengi wa Kenya hawatumii kiolezo cha kampuni yoyote, bali huchora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa cha mteja kwa kufuata vipimo alivyoviandika daftarini. Kinachokosekana mara nyingi si ustadi wa kuchora bali ni hatua ya kujaribisha, ambayo huachwa kwa sababu mteja ana haraka, au kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ana haki ya kuiomba. Hapo ndipo mvaaji hupoteza faida kubwa ya kushonewa, kwa kuwa hulipia mchoro wa mwili wake lakini mchoro huo haupati kupimwa dhidi ya mwili wenyewe.

Namba ya lebo inasema nini

Namba za nguo za tayari zilienea sana baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyodumu kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, pale mahitaji ya sare za maelfu ya askari yalipolazimisha viwanda kukusanya vipimo vya wanaume wengi na kutafuta uwiano unaojirudia kati ya kifua, kiuno na urefu. Uwiano huo ni wa wastani, na wastani haumwelezi mtu yeyote kwa ukamilifu. Suti ya Ulaya yenye namba 50, kwa mfano, hukusudiwa mwanamume mwenye kifua cha takriban sentimita 100, na kiwanda hukisia kuwa kiuno chake ni pungufu kwa sentimita 12 hivi. Mkulima mwenye mabega mapana na kiuno chembamba, au mzee aliyeota kitambi, yuko nje ya makisio hayo tangu mwanzo.

Namba yenyewe, zaidi ya hayo, haimaanishi kitu kimoja kila mahali. Mwaka 2010 jarida la Esquire la Marekani lilipima suruali za kampuni mbalimbali zilizoandikwa kiuno cha inchi 36, likakuta kuwa viuno halisi vilikuwa kati ya inchi 37 na inchi 41, kwa kuwa watengenezaji hupenda kumpendeza mnunuzi kwa kumwandikia namba ndogo kuliko mwili wake. Nchini Kenya, ambako sehemu kubwa ya suruali hununuliwa katika soko la mitumba, tatizo hili huongezeka maradufu, kwani robota moja hukusanya nguo za nchi nyingi, za miaka tofauti na za mitindo tofauti, na baadhi yake zimekwisha kurefuka au kurudi kwa kufuliwa. Mnunuzi wa mitumba hufanya vyema akiipuuza lebo na kuipima suruali yenyewe kwa futi ya kitambaa. Hata hivyo, atakachokipata kwa njia hiyo ni kiuno na urefu tu, ilhali umbo la msamba halisomeki kwa urahisi katika nguo iliyotandazwa mezani.

Fundi, duka la vitambaa na mitumba

Ushonaji wa kupimwa katika Bonde la Ufa la kati ulikua pamoja na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na kadiri mji ulivyokua kuwa kituo cha biashara ya mashamba, hadi kupandishwa hadhi kuwa jiji mnamo tarehe 1 Desemba 2021, maduka ya vitambaa ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi yalijenga mfumo ambao ulienea Afrika Mashariki yote: mteja hununua kitambaa ndani ya duka, kisha humkabidhi fundi anayeketi na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka hilohilo. Cherehani ya kukanyagwa kwa miguu, ambayo mizizi yake ni hataza za Elias Howe ya mwaka 1846 na Isaac Singer ya mwaka 1851, iliufaa mfumo huo kwa kuwa haikuhitaji umeme, na kwa sababu hiyo bado inatumika vijijini na pembezoni mwa miji.

Upande wa kitambaa, eneo hili lilikuwa na tumaini lake. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa Eldoret mwaka 1976 ili kusokota na kufuma pamba ya nchini, lakini baada ya soko kufunguliwa kwa nguo za nje katika miaka ya 1990 kilidhoofika hadi kufungwa; Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, nacho kikazinduliwa upya mwaka 2019 baada ya kuwekewa mitambo mipya. Katika muda huo huo, mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, ila Kenya ilijiondoa katika mpango huo ilipoonekana kuwa ungehatarisha nafasi ya nguo zake katika soko la Marekani. Matokeo ya historia hiyo kwa mvaaji wa Bahati ni kwamba suruali ya mtumba na suruali ya fundi huishi bega kwa bega, mara nyingi kwa fundi yuleyule, ambaye asubuhi hupunguza suruali za mitumba na mchana hukata mpya. Kwa hiyo swali linalomkabili mvaaji ni lini kupunguza kunatosha na lini kushona upya ndiko kunakofaa, na jibu lake limo katika umbo la suruali yenyewe.

Msamba ndio moyo wa suruali

Suruali huundwa kwa vipande vinne vikuu, viwili vya mbele na viwili vya nyuma. Kila kipande, kinapofika juu ya paja, huwa na sehemu inayotokeza kuelekea upande wa ndani, ambayo katika makala haya itaitwa ulimi wa msamba. Ndimi hizo zinapounganishwa chini ya mwili ndipo mfuko wa nguo hugawanyika kuwa miguu miwili. Ulimi wa mbele huwa mfupi, na wa nyuma huwa takriban mara mbili yake, kwa sababu makalio yanahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko tumbo la chini. Jumla ya ndimi hizo mbili inapaswa kulingana na unene wa mwili kutoka mbele hadi nyuma, na hapa ndipo upungufu wa vipimo vya mzunguko unapojitokeza: wanaume wawili wanaweza kuwa na mzunguko wa makalio wa sentimita 100 kila mmoja, lakini mmoja awe mpana ubavu kwa ubavu na bapa nyuma, na mwingine awe mwembamba wa ubavu lakini mwenye makalio yaliyotokeza. Futi huwapa namba moja, ilhali wa pili anahitaji ndimi ndefu kuliko wa kwanza, na suruali moja haiwezi kuwakaa wote wawili.

Jambo la pili ni mlalo wa mshono wa nyuma, yaani kiasi ambacho mshono unaotoka kiunoni kuelekea msambani umeinamishwa badala ya kusimama wima. Kadiri mshono huo unavyoinama, ndivyo njia ya nyuma inavyorefuka na mvaaji anavyopata nafasi ya kuketi na kuinama bila suruali kushuka mgongoni. Lakini kadiri unavyoinama kupita kiasi, ndivyo kitambaa kinachobaki kinavyolegea chini ya makalio mtu anaposimama. Hakuna mlalo mmoja ulio sahihi kwa wote. Mwendesha bodaboda anayepanda na kushuka kwenye mteremko wa Bahati siku nzima, au mkulima anayeinama shambani, anahitaji mlalo mkubwa zaidi, hata kama suruali yake haitaonekana nyoofu kabisa anaposimama. Mhubiri au mwalimu anayesimama mbele ya watu saa nyingi anaweza kuridhika na mlalo mdogo unaoifanya nyuma ya suruali ianguke bila mikunjo. Fundi asipoambiwa nguo itafanya kazi gani, hulazimika kukisia.

Jambo la tatu ni kina cha suruali, ambacho ni umbali wa wima kutoka ukingo wa juu wa ukanda hadi usawa wa msamba. Kina kikiwa kifupi mno, mshono wa msamba humkata mvaaji na kiuno hushuka kila anapoketi. Kikiwa kirefu mno, msamba huning'inia, na hatua ya mguu hufupishwa kwa sababu miguu miwili ya suruali imeunganishwa chini kuliko miguu ya mtu. Kinyume cha dhana ya wengi, msamba ulioshuka haumpi mtu nafasi zaidi ya kutembea, bali humpunguzia, na ndiyo sababu suruali pana yenye kina kirefu hupasuka msambani mapema kuliko suruali ya wastani iliyokatwa vyema.

Kuhusu swali la kupunguza au kushona upya, kanuni inafuata kutoka hapo. Kiuno, urefu na upana wa mguu kuanzia katikati ya paja kwenda chini vinaweza kupunguzwa katika suruali ya mtumba kwa gharama ndogo. Lakini suruali yenye ndimi fupi mno, au kina kisichofaa, haina kitambaa cha ziada mahali panapohitajika, na pesa zinazotumiwa kuirekebisha ni afadhali ziwekwe katika kitambaa kipya.

Vipimo na namna ya kuvichukua

Vipimo vya msingi ni saba: kiuno, makalio, kina, paja, goti, upana wa chini na urefu. Mvaaji anapaswa kupimwa akiwa amevaa viatu atakavyovitumia na suruali hiyo, mifuko ikiwa mitupu, simu na pochi vikiwa vimetolewa, na akiwa amesimama kama anavyosimama kila siku, kwani mtu anayejinyoosha mbele ya fundi humpa vipimo vya mkao ambao hataurudia tena.

Kiuno hupimwa mahali suruali itakapovaliwa, si mahali kiuno kilipo kwa mujibu wa vitabu vya maumbile. Mwenye kitambi anapaswa kuamua kama ukanda utapita juu ya tumbo au chini yake, kwa sababu uamuzi huo hubadilisha kina chote cha mbele. Makalio hupimwa katika sehemu yake pana zaidi, futi ikiwa mlalo pande zote, kisha fundi huongeza nafasi ya mwendo: kwa suruali isiyo na marinda, katika kitambaa kisichovutika, nyongeza ya sentimita 5 au 6 hutosha watu wengi, na marinda, yaani mikunjo inayoachwa mbele chini ya ukanda, yanapokuwapo nyongeza hufika sentimita 8 au zaidi. Hivyo mwanamume mwenye makalio ya sentimita 98 huhitaji suruali yenye takriban sentimita 103 au 104, na anayedai ikazwe hadi 99 anaomba nguo ambayo haitamruhusu kuketi ndani ya matatu.

Kina hupimwa kwa usahihi zaidi mvaaji akiwa ameketi wima kwenye kiti kigumu, kutoka kwenye ukingo wa kiuno ubavuni hadi juu ya kiti. Namba hiyo huhakikiwa kwa kutoa urefu wa ndani wa mguu kutoka urefu wa nje: ikiwa urefu wa nje ni sentimita 105 na wa ndani ni 79, kina ni sentimita 26, na tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili ni ishara kwamba kimojawapo cha vipimo kilichukuliwa vibaya. Kipimo cha ziada ambacho mafundi makini huchukua ni mzunguko wa msamba, kutoka ukanda wa mbele, kupitia katikati ya miguu, hadi ukanda wa nyuma, kwa sababu ndicho pekee kinachofichua tofauti ya wale wanaume wawili wenye makalio ya sentimita 100.

Desturi ya kumpelekea fundi suruali ya zamani inayompendeza mtu ni nzuri, mradi itumiwe kwa uangalifu. Suruali hiyo huonyesha kina na umbo la msamba ambalo mwili umekwisha kulikubali, lakini magoti yake huwa yamerefuka na pindo lake huenda limekwisha kurudi, kwa hiyo sehemu ya juu ndiyo inayofaa kunakiliwa, nayo miguu ipimwe upya.

Kitambaa kwa hali ya hewa ya Bahati

Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Bahati hupanda zaidi kuelekea ukingo wa bonde, hivyo asubuhi huwa na baridi na ukungu, mchana huwa na jua kali, na wakati wa kiangazi vumbi la udongo wa volkano huingia kila mahali. Suruali inayofaa hali hiyo inahitaji kitambaa cha uzito wa wastani, gramu 240 hadi 300 hivi kwa mita ya jora, kizito kiasi cha kuning'inia kwa unyoofu lakini si kizito kiasi cha kumchosha mvaaji saa saba mchana.

Gabadini, kitambaa kilichobuniwa na Thomas Burberry nchini Uingereza mwaka 1879, hufumwa kwa msuko wa mshazari uliobana sana, yaani nyuzi hupishana kwa namna inayoacha mistari iliyoinama juu ya kitambaa, na ubanaji huo huzuia upepo na vumbi. Khaki ya drili hufumwa kwa pamba kwa msuko unaofanana na huo, ni imara, na huvumilia kufuliwa kila wiki. Mchanganyiko wa polista na viskosi, unaopatikana katika maduka mengi ya vitambaa vya suti, haukunjiki kwa urahisi na bei yake ni nafuu, ila hauundiki kwa pasi kama sufu. Sufu, kwa upande wake, hutii mvuke: fundi anaweza kuivuta au kuikusanya kwa pasi ili ifuate mviringo wa makalio na paja, jambo ambalo haliwezekani kikamilifu katika polista. Anayetumia pasi ya makaa hana budi kuweka kitambaa kibichi juu ya suruali, la sivyo polista hung'aa na kuungua.

Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza kwa upana. Mstari wa katikati ya mguu wa suruali lazima ufuate mtande. Pale mteja anaponunua kitambaa pungufu, fundi hushawishika kuinamisha kipande kimoja ili kienee, na baada ya kufuliwa mara chache mguu huo hujipinda na mstari wa pasi huhamia ubavuni. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 huhitaji urefu wa suruali na nyongeza ya sentimita 20 hadi 30 kwa ajili ya pindo, ukanda na mifuko, yaani takriban mita 1.3 kwa mtu wa kimo cha wastani. Kupunguza robo mita dukani ni akiba inayolipwa baadaye kwa mguu uliojipinda.

Pamba, zaidi ya hayo, hurudi. Mwaka 1930 Sanford Cluett wa Marekani alipata hataza ya njia ya kuirudisha pamba kiwandani kabla ya kuuzwa, lakini si kila jora limepitia mashine hiyo, na kurudi kwa asilimia 3 tu huipunguzia suruali ya sentimita 106 zaidi ya sentimita 3. Dawa yake ni kukiloweka na kukikausha kitambaa chote kabla hakijafika kwa fundi.

Kujaribisha na kusoma mikunjo

Kujaribisha hufanyika suruali ikiwa imepigwa bandi, yaani imeshikizwa kwa mishono mirefu ya muda inayofumuka kwa urahisi, kabla zipu, mifuko na ukanda havijakamilishwa. Ombi la mteja ni fupi: "Fundi, ipige bandi kwanza nije nijaribu." Siku ya kujaribu, mvaaji anapaswa kusimama, kutembea, kuketi na kuinama, huku fundi akitazama mikunjo, kwa sababu kila mkunjo una chanzo chake na huelekea mahali penye tatizo.

Mikunjo inayotawanyika kutoka msambani kuelekea mapajani, mvaaji akiwa amesimama, huonyesha kwamba ndimi ni fupi au paja limebana. Mikunjo inayolegea chini ya makalio kwa umbo la mwezi mchanga hutokana na njia ya nyuma iliyo ndefu kuliko inavyohitajika, hasa kwa mwenye makalio bapa, nayo huondolewa kwa kuipunguza nyuma kuanzia kiunoni. Mkunjo mmoja wa mlalo ulio chini kidogo ya ukanda wa nyuma humpata mwenye mgongo ulioingia ndani, na suluhisho lake ni kuushusha ukanda katikati ya nyuma kwa sentimita moja hivi. Mifuko ya ubavuni inayoachama huonyesha kwamba makalio yamebanwa, hata pale kiuno kinapokuwa huru. Suruali inayokwama kwenye shavu la mguu na kukusanyika nyuma ya goti haihitaji kurefushwa, kama wengi wanavyodhani, bali inahitaji nafasi zaidi chini ya goti. Mstari wa pasi unaokwenda ndani au nje badala ya kuanguka katikati ya kiatu huashiria kwamba mvaaji ana matege au magoti yanayokaribiana, na fundi hulazimika kuuhamisha mhimili wa mguu mzima.

Marekebisho hufuata mpangilio kutoka juu kwenda chini: kwanza ukanda, kisha mshono wa nyuma na msamba, kisha paja na goti, na mwisho kabisa urefu, kwa kuwa kila badiliko la juu hupandisha au kushusha pindo. Fundi anayekata urefu siku ya kwanza huwa amejifungia njia ya kurekebisha kitu kingine chochote.

Akiba ya mshono na suruali ya pili

Suruali ya kiume iliyoshonwa kwa kufikiria miaka ijayo hutambulikana kwa ndani. Ukanda wake huunganishwa katikati ya nyuma badala ya kuwa kipande kimoja kinachozunguka kiuno chote; mshono wa nyuma huachiwa akiba ya sentimita 3 au 4 kila upande kiunoni, inayopungua kadiri inavyokaribia msamba; na pindo huwa na sentimita 5 hivi zilizokunjwa ndani. Akiba hiyo ndiyo inayoiwezesha suruali kumfuata mvaaji anaponenepa au kupungua, na ndiyo tofauti kubwa kati yake na jinzi, ambayo mishono yake ya kukunjwa mara mbili haikuachiwa nafasi ya kufunguliwa. Kwa wanaoendesha pikipiki au kufanya kazi za kuinama, kiraka cha kitambaa laini kinachoshonwa ndani ya msamba huongeza uhai wa nguo bila kuonekana nje.

Muda wa kuagiza nao una athari zake. Mwezi wa Januari mafundi hulemewa na sare za shule, na Desemba huwa na sikukuu na harusi, kwa hiyo anayehitaji suruali ya shughuli ya mwisho wa mwaka, na anayetaka nafasi ya kuijaribu, hana budi kuagiza majuma kadhaa mapema, kwani katika msimu wa haraka hatua inayorukwa kwanza ni bandi.

Faida kubwa zaidi ya kushonewa, hata hivyo, haimo katika suruali ya kwanza. Marekebisho yaliyofanywa siku ya kujaribu, kwa kawaida, hubaki katika nguo hiyo moja tu, na mteja anaporudi baada ya miezi sita fundi huchora tena kutoka kwenye vipimo vilevile vya daftarini, akarudia makosa yaleyale yaliyokwisha kusahihishwa. Mteja anayeomba marekebisho hayo yahamishiwe kwenye kiolezo cha karatasi ngumu, kikaandikwa jina lake na tarehe na kutundikwa kibandani, huwa amegeuza gharama ya suruali moja kuwa msingi wa suruali zote zinazofuata: ya gabadini ya kazini, ya khaki ya shambani na ya sufu ya harusini hukatwa kwa mchoro uleule uliothibitishwa na mwili wake, kiuno kikirekebishwa kadiri umri unavyokibadilisha, huku msamba, ambao hubadilika polepole zaidi, ukibaki kama ulivyopatikana mara ya kwanza.